Mtu mzima ananitupia dola 5 "ya soda" juu ya bastola yangu, kisa nimemwomba kitambulisho!

Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye maegesho, mikono inatetemeka, na asije mtu hapa kuniambia nitulie.

Leo nimeenda kwenye maonesho ya bunduki hapa Dallas kuuza silaha zangu mbili, bastola ya Glock 19 na bunduki ndefu ya pampu, Remington 870. Zangu mwenyewe, kutoka kabatini kwangu. Mtoto ameanza kutambaa na mama yake kasema ama bunduki zitoke ama yeye atoke. Mlangoni polisi wamezikagua, wamehakikisha hazina risasi, wamepitisha kamba ya plastiki kwenye mtambo zisiweze kufyatuka. Mzee mmoja wa Kizungu anayeuza visu kanipa kona ya meza yake. Watu wanakuja, wanashika, wanauliza bei, wanaondoka kwa heshima zao.

Ndipo akaja. Nyote mlioko Texas na Oklahoma mnamjua. Yule. Wa kila harusi na kila msiba, anayeshika maikrofoni bila kuitwa, anayemaliza pilau la sinia zima halafu anauliza nyama imeenda wapi. Jina sitaji. Akisoma hapa atajijua, na suti yake ya zambarau itajijua.

Kaja na ile sauti yake, walioko Houston wamegeuka. "Aaah, mdogo wangu! Na wewe umekuwa muuza mitutu!" Nikampa shikamoo, maana kanizidi umri. Akashika Glock, akaigeuza, akauliza bei, nikamtajia. Akachomoa bunda la hela palepale. Nikamwambia, kaka, naomba nione leseni yako ya udereva.

Wakuu, alinikodolea macho kama nimemwomba figo. "Mimi? MIMI unaniomba kitambulisho?"

Ndiyo, wewe! Kila msiba anatangaza kwamba amehamia Plano, huku Texas, na gari lake bado lina namba za Oklahoma. Nikamweleza taratibu: kaka, sheria ya nchi nzima hairuhusu mtu binafsi asiye na leseni ya biashara kumuuzia mkazi wa jimbo lingine mkono kwa mkono. Lazima ipite kwa muuzaji mwenye leseni. Nikikiuka kwa makusudi ni kifungo, hadi miaka 5. Kama leseni yako ni ya Texas, nionyeshe tu tumalizane. Kama ni ya Tulsa, kule Oklahoma, muuzaji mwenye leseni yule pale, twende wote akuelekeze.

Akarudisha bunda mfukoni. Akachomoa noti ya dola 5. Akaitupa. Ikatua juu ya bastola yangu. Akasema ukumbi mzima ukisikia: "Shika hiyo ya soda, afande."

YA SODA. AFANDE.

Hakunipa mkononi. KAITUPA. Hata ombaomba wa Posta humtupii hela, unainama unamwekea kwenye kopo.

Muuzaji mwenye leseni ana fomu 4473, mnunuzi anajaza na kusaini, kisha taarifa zake zinapitishwa kwenye mfumo wa FBI wa kuchunguza wanunuzi wa silaha, ule wa NICS ulioanza 1998. Anajibiwa endelea, subiri au usiuze. Mimi mtu binafsi hapa Texas sina fomu, na mfumo huo sifunguliwi. Nina macho yangu na hicho kitambulisho, basi! Siku Glock ile ikiokotwa kwenye tukio la uhalifu huko Tulsa, ATF, wale wa serikali kuu wanaosimamia silaha, wanafuata namba iliyochongwa ubavuni: kiwandani, msambazaji, duka. Duka linasema tulimuuzia fulani. Fulani ni mimi. Yeye atakuja na maikrofoni yake kunitetea?

Noti imekunjwakunjwa, ina doa la mafuta. Imetupwa. Juu ya bastola yangu.

—

Bwana Mikingamo: Pole mkuu. Swali moja tu, hiyo dola 5 iko wapi?

Chale wa Arlington: Nimesoma uzi wote natafuta hapo hapo. Dola 5 iko wapi?

Mleta uzi: Nazungumzia heshima, nyinyi mnauliza hela! Sijaigusa. Mzee wa visu ndiye aliyeiokota, kaibana chini ya jiwe lake la kunolea.

Bwana Mikingamo: Kwa hiyo soda kanywa mzee wa visu. Kesi imefungwa.

Mwanakwerekwe Original: Mkuu, mbona sisi kwetu ukitupiwa hela mbele za watu maana yake umetuzwa? Ulitakiwa ukate kiuno kidogo, angeongeza.

Mleta uzi: Narudia kwa wasioelewa. ALIITUPA. Akasema AFANDE. Mimi sijawahi kuwa afande, babangu hajawahi kuwa afande!

Mlenga Shabaha: Mleta uzi yuko sahihi, acheni utani. Na kuna tofauti ambayo yule bwana angeelezwa pale kwenye meza ya mwenye leseni. Remington ni bunduki ndefu, mwenye leseni wa Dallas angeweza kumkabidhi palepale baada ya fomu na ukaguzi, ilimradi sheria za majimbo yote mawili zinaruhusu. Glock hapana. Bastola lazima itumwe kwa mwenye leseni wa jimbo lake, aende kuichukulia huko kwao Oklahoma. Hata bunda lake lingekuwa refu kama mnazi, siku ile asingeondoka nayo. Mimi nikiuza naomba leseni ya udereva na kile kibali cha Texas cha kubeba bastola. Kubeba bila kibali kumeruhusiwa tangu Septemba 2021, lakini mwenye nacho ujue ameshachunguzwa. Halafu tunaandikiana hati ya mauzo, namba ya silaha, tarehe, saini. Asiyetaka aende zake.

Chale wa Arlington: Sasa na wewe uliyeuza kwenye kona ya meza, ATF hawakuiti mfanyabiashara?

Mlenga Shabaha: Silaha mbili za kabatini kwake, mara moja, hapana. Ukianza kununua na kuuza mfululizo ili upate faida, hapo unatakiwa uwe na leseni. Sheria ya 2022 iliyapanua maneno hayo, na 2024 ATF wakatoa kanuni ya kuyafafanua, ikapingwa mahakamani hapahapa Texas. Muulize mwanasheria, usiniulize mimi.

Dada wa Spokane: Hamieni huku jimbo la Washington mpumzike. Tangu kura ya Novemba 2014 hata mtu binafsi anampitisha mnunuzi kwa mwenye leseni. Anachunguzwa yeye na suti yake ya zambarau. Hakuna cha undugu wala nimekula kwako.

Kijana wa F-1: Wakuu, mimi nipo hapa kwa visa ya mwanafunzi. Naweza kununua hiyo Remington?

Mlenga Shabaha: Kwa kawaida hapana, visa za muda zimezuiwa isipokuwa kwa vigezo vichache kama leseni ya uwindaji. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Usicheze na hilo, utarudishwa nyumbani na begi moja.

Mleta uzi: Asante Mlenga. Mmeona? Nilichofanya ndicho. Na malipo yangu ni nini? Noti yenye doa la mafuta!

Kadogo wa Kayole: Nyinyi watu wa majuu mnachekesha. Yaani bunduki inapangwa mezani kando ya visu na nyama kavu, unashika, unaitisha bei? Huku Kenya hata risasi moja mfukoni bila cheti ni kesi, utalala ndani uamke ndani.

Chale wa Arlington: Usitaje ile nyama kavu ya kwenye maonesho! Kipakiti kimoja kinalingana na bei ya mbuzi wa Krismasi. Mimi kilio changu ndicho hicho, si soda. Kwanza ndani ya maonesho dola 5 huenda hata soda usipate, kwa hiyo jamaa kakutukana mara mbili.

Mzee wa Sikonge: Huku kwetu baba alipofariki, gobore lake tulilibeba hadi kituo cha polisi tukaandikisha maelezo. Huwezi kumuuzia jirani tu kwa sababu mmekula pamoja. Nchi hiyo mnayoisifia mtu anatoa bunda mbele ya meza ya visu. Mungu awalinde.

Mleta uzi: Mzee shikamoo. Mimi ndiye niliyekataa kuuza, mbona tena nalaumiwa mimi?

Mzee wa Sikonge: Marahaba. Sijakulaumu. Nimesema Mungu awalinde.

Fundi Friji: Mada imenigusa sana. Mimi niko Tandika, nimetangaza friji. Mteja kapiga simu saa tano usiku, anasema nimpunguzie nusu, nimpelekee hadi Mbagala, halafu kwanza alale nalo siku mbili aone kama linagandisha. Nikamwomba nauli ya bajaji tu. Akaniambia nina tamaa! MIMI nina tamaa!

Dada wa Spokane: Fundi, hao wapo kila mahali. Mimi nilitoa kitanda cha mtoto BURE. Bure! Mtu akauliza kama nitatoa na godoro jipya.

Mwanakwerekwe Original: Na wale wa kwenye kikoba? Kuna mama mmoja, wote wa mtaani wanamjua, siku ya kupokea anafika wa kwanza na mkoba mkubwa, siku ya kuchangia simu haipatikani. Juzi kaja na kope za bandia mpya, nikamwangalia hadi nikasahau salamu.

Kadogo wa Kayole: Huyo wa kikoba ana pacha wake Kayole, nakuapia.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Jamaa KAITUPA. Juu ya BASTOLA. Hivi ingekuwa nyinyi mngefanyaje?

Mwanakwerekwe Original: Na zile kope kalipa kwa hela zetu, ndiyo kinachoniuma.

Bwana Mikingamo: @Fundi Friji, friji la milango mingapi?

Fundi Friji: Miwili, la juu linagandisha hadi maji ya uji. Halina tatizo lolote.

Kijana wa F-1: Mdogo wangu yupo Temeke anatafuta. Bei ya mwisho?

Fundi Friji: Bei ipo kwenye tangazo. Aje na hela, asije na fundi wake, na saa tano usiku sipokei simu.