Nani anakula enerji yote ya inchi yetu?

Fils_wa_Katuba
Jambo yenu bandugu. Niko mu lisansi ya ekonomi hapa L'shi (Lubumbashi), prof ametupatia kazi: tueleze ju ya nini intansite ya enerji ya inchi masikini inapanda ao inashuka. Intansite njo kusema unachukua enerji yote inchi inatumia mu mwaka, unagawa na PIB (pato lote la inchi mu mwaka). Mi nilifikiri iko rahisi, namba ikishuka ni bantu bamepata mashini mazuri na ampul ya led, basi. Lakini nikaangalia ya Congo, iko juu kupita inchi zenye viwanda kila kona! Na kwetu Katuba kura (umeme) inakuja saa tano ya usiku, asubui imeshaenda. Jana mama alikuwa anapika maragi (maharagwe) ku mbabula (jiko ya makala), mi nasoma na tochi ya telefone, nikajiuliza sasa hiyo enerji nani anaikula?

Yaya_wa_Kenya
Ni ile mbabula ya mama yako, mudogo yangu 😂 sichezi. Karibu enerji yote ya Congo ni kuni na makala, kura na esansi (petroli) ni kasehemu kadogo tu. Sasa piga hesabu pamoja na mi. Bale ba kinga (baiskeli) unabaona asubui na masaki inapita vichwa vyao, kule mu pori kupata kilo moja ya makala banachoma kuni kilo nane hivi mu tanuru ya udongo, ingine inakula hata kumi. Kilo ya kuni kavu iko na megajuli kama 15, kwa hiyo umeingiza 120, na makala yenye kutoka iko na 30. Robo tatu imeenda na moshi hata mbele kinga haijatoka mu pori. Kisha mbabula inapeleka ku nyungu labda moja ya tano, ingine inapasha miguu ya mama na ukuta. Inabaki 6 ya kupikia maragi. Sita ku 120! Na statistiki inahesabu ile 120 yote juu ya hesabu, kama enerji ya inchi, maragi yenyewe mu PIB haionekane sana. Mi hapa komini ya Kenya, L'shi, nilinunua reshaud (jiko) ya gaz mwaka jana, moto wake karibu nusu unaingia mu nyungu, maragi ni ile ile. Jirani zangu wote wakifanya vile, intansite inashuka na hakuna mwenye kuwa tajiri kwa ajili yake. Shida ni chupa, unapaswa kulipa pesa yote mara moja, makala unanunua ka-sashe ka leo.

Mustaafu_wa_Shemine
Huyu yaya amesema kweli lakini amesahau namba ya chini ya hesabu, ile ya kugawia, PIB yenyewe. Mi nilitumika Gécamines, kampuni ya serikali ya kuchimba shaba. Mu 1986 hivi tulikuwa tunatoa shaba karibu tani 470,000. Mine ya Kamoto ikaanguka 1990, kisha fujo ya siasa, mishahara haiji, 1994 tukawa chini ya tani 40,000. Moshi ya shemine ya kiwanda ikakatika, ukiangalia kule juu unaona mbingu tu, wageni wanasema hewa muzuri, sisi tulilia. Pato la inchi likaanguka kila mwaka, lakini bantu walipunguza kupika? Walizidi makala, ju hata wale walikuwa na kuisiniere ya kura waliirudisha ku mbabula. Basi juu haikushuka, chini ikashuka, intansite ikapanda. Hakuna mashini ata moja iliyobadilika. Andika hiyo, prof atafurahi.

Fils_wa_Katuba
Asante baba. Kwa hiyo sasa vile shaba imerudi, DRC imepita Pérou kwa kutoa shaba 2023, intansite inapaswa kushuka?

Elektrisien_Kolwezi
Inategemea kura inatoka wapi. Kutoa tani moja ya kathode (bamba ya shaba safi) ku elektrolizi peke yake inakula kama kilowati-saa 2,000, hesabu hiyo haibadilike sana. Lakini kura ya maji, ya baraji ya Nseke ao ya Inga yenye kuja na ule waya mrefu, bantu ba statistiki banahesabu ile yenye kutoka ku tirbini, kilowati-saa moja ni moja. Ikikatika (na inakatika, wiki hii siku tatu) tunawasha grup (jenereta), na mazutu (dizeli) inapoteza karibu mbili ya tatu mu joto. Shaba ile ile, enerji mu vitabu mara tatu. Mi nasimama pembeni ya grup, masikio inalia mpaka usiku, ndani ya ile kelele kuna PIB kidogo sana wallah. Na tena mawe yenye shaba mingi ikiisha, utasaga mawe mengi zaidi kwa tani moja.

Bukavu_kwetu
Mimi ningeongeza Chine. Kuanzia 1980 mpaka 2000 intansite yao ilishuka zaidi ya nusu, na wengi walioichambua wanaona ni zaidi kutumia enerji vizuri ndani ya viwanda vyenyewe, si kwamba waliacha viwanda. Halafu 2002 mpaka 2005 ikapanda tena sababu ya chuma na simenti. Usimuamini mtu anayekuambia inchi ikikua inashuka tu yenyewe. Halafu angalisho: usitumie PIB ya dola za mwaka ule, bei ya shaba ikiruka kule London ku soko ya metali utaona tumekuwa na akili usiku mmoja. Chukua bei zisizobadilika, halafu tenganisha makala na enerji ingine, hapo njo utaona.

Fils_wa_Katuba
Nimeelewa. Yaya, saki moja ya makala iko na kilo ngapi? Mama anasema anamaliza mbili kwa mwezi, nataka kuanzia na yeye.

Yaya_wa_Kenya
Pima wee mwenyewe, wauzaji wanaweka majani juu na unga chini.