Marufuku ya kuvua usiku Lamu: inamfunga mvuvi au mwenye magendo?

Bandarini
Waungwana, kila likitokea tukio upande wa Kiunga au msitu wa Boni, karibu na mpaka wa Somalia, wito ni uleule: wavuvi wasitoke usiku. Marufuku ya namna hiyo iliwekwa baada ya wageni kutekwa Kiwayu na Manda, Septemba na Oktoba 2011, ikakaa miaka. Wanaoitaka irudi wanasema bahari ikiwa tupu, chombo chochote kitakachoonekana ni cha magendo: sukari, bangi, heroini, au watu wanaovushwa. Wasioitaka wanasema inaleta njaa vijiji vya Faza na Kizingitini, na mwenye shehena ya magendo haimgusi; badala yake wanataka kadi za wavuvi, na daftari la vyombo lishikwe na BMU, yaani kamati ya wavuvi ya ufukweni. Leteni hoja, na vipimo pia.

Doria Kwanza
Naiunga mkono, na sababu yangu ni ya hesabu. Rada iliyowekwa kwenye mnara wa mita 15 huanza kuona chombo kilichosimama mita moja juu ya maji kikiwa kama kilomita 20, na hapo bahari iwe shwari. Mbao na faiba hazirudishi mawimbi ya rada kama chuma. Kusi likivuma, mawimbi ya bahari yenyewe hujaza kioo cha rada madoa. Sasa tia humo, tuseme, mashua 60 za jarife, ule wavu wa kutega. Boti ya doria ni moja. Ikifukuza doa la kwanza imeyaachia mengine yote. Waondoe wavuvi, doa likitokea unajua la kufanya. Si dharau kwa wavuvi, ndivyo kioo kilivyo.

Nahodha Mkanda
Ndugu Doria, hesabu hiyo ni ya bahari kuu. Ni kweli shehena kubwa hupita huko: Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi lenye kilo 1,032 za heroini nje ya pwani yetu. Lakini jahazi kama lile halikuhitaji kujificha nyuma ya mvuvi wa Kizingitini. Shida ya Lamu iko ndani: mlango wa Mkanda, mkono wa Dodori, na ile mikono mingine ya bahari inayoingia bara nyuma ya Ndau na Kiwayu. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii, na rada haioni nyuma ya mkoko.

Watu hupenda kutulinganisha na mipaka ya milima. Walinzi wa kule wana taabu zao, miamba, theluji, redio inayokufa bondeni. Ila mlima una upenyo, na ukiukalia upenyo umemkalia mtu njia. Wakati wa baridi theluji huufunga wenyewe. Sisi upenyo hatuna, tuna maji, nayo hufunga na kufungua mara mbili kila siku.

Tazama. Bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kati ya kujaa na kupwa pana kama mita 3. Kwa hiyo usiku wa bamvua, kuanzia saa mbili hadi saa sita, mikono midogo ni tope tupu. Chombo chenye magunia hakipiti hata kwa dua. Njia hufunguka saa saba usiku na kujifunga kama saa moja asubuhi. Kila siku saa zinasogea mbele dakika 50 hivi. Baada ya wiki yaja maji mafu: yanajaa karibu saa nne usiku, lakini hayajai sana, na mikono mingine haifunguki kabisa kwa chombo kizito. Yote haya yako kwenye jedwali la maji, mwaka mzima mbele. Doria inayotoka saa mbili usiku na kurudi saa saba kwa kuwa zamu imekwisha, wiki ya bamvua inaingia kulala wakati mlango ndio unafunguliwa. Hiyo haiponi kwa kumfungia mvuvi nyumbani.

Mama Jarife
Niongeze la sokoni. Jarife hutegwa magharibi likainuliwa alfajiri, kwa sababu mchana samaki anauona uzi. Ukimkataza mtu usiku, kazi yake yote imekwenda. Akiuacha wavu majini peke yake, asubuhi anakuta vichwa, miili imeliwa na kaa. Kinachobaki mchana ni mshipi na kuzamia kamba mawe, na kusi likichafua maji hata kuzamia hakuna. Basi hapo una kijana mwenye boti, mwenye injini, anayejua kila tope la Mkanda, na hana kazi. Mwenye magendo anamtafuta nani mwingine?

Doria Kwanza
Hilo nalikubali, bi mkubwa. Lakini kadi ya mvuvi huazimwa, na mwenyekiti wa BMU ni jirani wa hao hao anaotakiwa kuwasimamia. Atamtaja nani? Sheria ya 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inatoa kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Anayekabiliwa na hayo hatashindwa kumtisha jirani mmoja.

Nahodha Mkanda
Ndiyo maana mwenyekiti asiulizwe majina ya wahalifu. Aandike daftarini vitu visivyomtia hatarini: chombo gani, injini farasi ngapi, watu wangapi, mafuta lita ngapi, kimetoka saa ngapi, kimerudi saa ngapi. Mafuta ndiyo yanayosema. Injini ya farasi 40 ikibanwa hunywa lita 15 hadi 20 kwa saa. Lamu mpaka Kiunga ni karibu kilomita 90 kwa mstari ulionyooka, saa nne au tano kwa chombo chenye mzigo. Hizo ni lita 60 hadi 100, na bado hujarudi. Mtega jarife wa karibu na Pate hahitaji zaidi ya mitungi miwili ya lita 20. Aliyepakia minane akasema anakwenda kutega, huyo ndiye doa lako, na umeliona kabla halijatoka bandarini.

Doria Kwanza
Watapokezana mafuta huko nje, majini.

Nahodha Mkanda
Watapokezana. Lakini sasa ni vyombo viwili na wafanyakazi maradufu, na siri ya watu wanane ni ngumu kuliko ya wanne.

Kesi Ikifika
Mnabishana juu ya kukamata. Kesi nyingi hufia baada ya hapo. Ibara ya 49 ya Katiba inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au, zikiisha mahakama imefungwa, siku ya mahakama inayofuata. Barabara ya Hindi hadi Kiunga ina historia ya mabomu ya kutegwa, kwa hiyo gari husubiri msafara. Baharini mnasubiri maji, kama alivyoeleza Nahodha. Saa zinayoyoma.

Kisha mzigo. Gunia la bangi limelowa maji ya chumvi, limepimwa ufukweni kwa mizani ya samaki, likaandikwa kilo 52. Likifika kwa mkemia limekauka, ni kilo 44. Wakili hahitaji zaidi ya hapo, atauliza kilo 8 zimeliwa na nani. Dawa yake ni rahisi ila haifanywi: pima mbele ya mshtakiwa, andika kuwa limelowa, funga kwa lakiri yenye nambari, na kila mkono unaopokea, awe wa jeshi la majini, walinzi wa pwani au polisi, uweke sahihi na saa.

Na wale wanaovushwa. Wakishtakiwa kwa kuingia bila kibali na kurudishwa kwao ndani ya wiki mbili, mashahidi wa kesi ya miaka 30 wamepanda basi.

Bandarini
Na mpaka wenyewe wa Somalia je? Mei 2023 ilitangazwa kuwa kivuko cha Kiunga na Ras Kamboni, upande wa Somalia, kifunguliwe ndani ya siku 90, Julai ikaahirishwa. Sukari ambayo haina mlango wa kulipia ushuru itapita dirishani, marufuku iwepo isiwepo.

Doria Kwanza
La ushuru lina mjadala wake. Mimi nimekubali jedwali la maji, daftari bado. Ila nani atakaa kwenye mikono yote hiyo usiku kucha?

Nahodha Mkanda
Si usiku kucha, na si yote. Boti ya doria yenye injini mbili za farasi 200 ikibanwa hunywa zaidi ya lita 100 kwa saa. Ukizunguka nayo kila usiku mgao wa mwezi unakwisha mapema. Itie nanga mdomoni mwa mkono mmoja saa moja kabla maji hayajafungua, uzime injini na taa, usikilize. Injini ya mzigo husikika mbali usiku.

Doria Kwanza
Na mbu?

Nahodha Mkanda
Mbu wa mikoko hawana kanuni, yakhe. Vaa mikono mirefu.