Kamande haziivi hata baada ya saa moja na nusu, nakosea wapi?

mama_pacha (Nakuru)
Hamjambo jamani. Nilinunua kilo ya kamande za kahawia sokoni kwa sababu maharagwe yanamsumbua mume wangu tumbo. Jumapili nikakaanga vitunguu na nyanya nne, nikakamulia ndimu, nikatia nusu ya kamande na maji, nikafunika. Saa moja na nusu baadaye, ukibana punje kwa vidole bado ina kiini kigumu. Gesi ikaisha. Watoto walilala na chai na mkate, roho ikaniuma sana. Kila mtu husema ni dakika 30, tena bila kuloweka!

bi_kisauni (Mombasa)
Pole mwanangu. Sisi twaziita adesi. Kilichokuponza ni nyanya na ndimu. Uchachu ukitangulia, punje hailainiki hata ukeshe jikoni. Zichemshe kwanza kwa maji matupu na punje mbili za thomu, mpaka ukibonya moja ipondeke. Hapo ndipo ukaange kitunguu, bizari nyembamba, manjano na nyanya, umiminie. Ndimu ni ya mezani. Mie humalizia na tui.

mkulima_arusha
Bibi kasema kweli. Ila angalia pia umri wa punje, maana ikizeeka inanywa maji kwa shida. Kanada ndiyo inauza nyingi kuliko nchi yoyote, kwa hiyo huenda zimekaa ghalani na melini miezi mingi kabla hazijafika sokoni kwako. Zikigoma kabisa, tia magadi ncha ya kijiko tu, yakizidi utakula sabuni. Mimi nilijaribu kupanda mstari mmoja. Masika maji yakatuama, mizizi yote ikaoza. Ni zao la ubaridi na udongo usioshika maji.
Halafu ukisoma mapishi ya huku kwetu, dengu ni zile punje kubwa zenye kimdomo, za kuloweka usiku kucha. Ndengu zenu sisi ni choroko. Usije ukachanganya.

mama_pacha
Nimerudi! Jana nimepika nusu iliyobaki. Maji matupu, dakika 40, zikapondeka zenyewe kwenye mwiko. Nyanya nikatia mwisho. Baba watoto kala sahani mbili na chapati, na usiku kalala vizuri. Asante mno. Bibi, hilo tui ni la kwanza au la pili?

bi_kisauni
Anza na la pili, lichemke nazo kidogo. La kwanza watia ukikaribia kuepua, na usiache kukoroga, lisikatike.