Paa la Uwanja wa Taifa wa Warsaw: kwa nini halikufungwa mvua iliponyesha?

Mpenzi wa Viwanja:
Habari zenu, ndugu. Naomba kueleweshwa jambo linalonisumbua tangu tarehe 16 Oktoba 2012, siku ambayo Poland ilipaswa kucheza na Uingereza mjini Warsaw kufuzu Kombe la Dunia. Uwanja ulikuwa mpya kabisa, ulifunguliwa Januari mwaka huohuo, una viti zaidi ya 58,000 na paa la kufungwa na kufunguliwa. Hata hivyo, mwamuzi alipoujaribu mpira, ulikwama kwenye maji, na mechi ikaahirishwa hadi kesho yake. Muda wote huo paa lilikuwa pale juu, limekunjwa. Kama halifungwi mvua inaponyesha, lilijengwa kwa ajili ya nini?

Fundi wa Maturubai:
Ndugu, wengi hudhani paa lile ni vipande vya bati vinavyoteleza kama mlango, kumbe sehemu inayosogea ni kitambaa kizito. Kikiwa kimekunjwa, huning'inia katikati ya uwanja kwenye nyaya za chuma, chini ya nguzo nyembamba iliyochongoka kama mkuki. Kikitakiwa kufunika, huvutwa kuelekea pande zote hadi kiungane na paa la kudumu lililo juu ya majukwaa. Kazi hiyo huchukua takriban dakika 20, na haifanywi mvua inaponyesha wala baridi inaposhuka chini ya nyuzi 5.

Nimefunga maturubai ya sherehe kwa miaka mingi, kwa hiyo sharti hilo halinishangazi. Turubai likiwa limekazwa, maji huteleza yakaenda zake. Likiwa bado limelegea, maji hujikusanya kwenye mikunjo, tumbo likashuka, na kila dakika uzito huongezeka mpaka kamba zinaanza kulia. Nimewahi kushika mti na kuinua tumbo la namna hiyo, na ndoo kadhaa za maji zikamwagika kwa mkupuo. Hilo lilikuwa turubai la watu mia mbili tu. Mtu anayeona mawingu akangoja matone ya kwanza amekwisha kuchelewa.

Msomaji wa Kanuni:
Naafiki maelezo ya fundi, lakini nisingependa lawama zote ziangukie kitambaa. Uwanja ule hauna udongo wa kina chini ya nyasi: nyasi hutandikwa juu ya zege, na chini yake kuna maegesho ya magari, hivyo maji yasiyopelekwa haraka kwenye mifereji hubaki palepale. Pia mwenye uwanja hajiamulii peke yake kuhusu paa katika mechi ya FIFA. Tatizo la usiku ule, kwa maoni yangu, lilikuwa la saa: uamuzi ulitakiwa kufanywa kukiwa bado kukavu.

Mpenzi wa Viwanja:
Nashukuru sana. Sasa naelewa kwa nini mechi ya ufunguzi ya Euro, mashindano ya mataifa ya Ulaya, kati ya Poland na Ugiriki, tarehe 8 Juni 2012, ilichezwa paa likiwa limefungwa tangu mwanzo, ingawa wengi walilalamikia joto. Je, kwenye uwanja wa Cardiff kule Wales, ambao nao una paa la kufungwa na kufunguliwa, hali ni hiyohiyo?

Msomaji wa Kanuni:
La. Paa la Cardiff, lililoanza kazi mwaka 1999, ni vipande viwili vikubwa vigumu vinavyosogea juu ya reli, na nalo huchukua dakika 20 hivi. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2017, Real Madrid ilipoifunga Juventus 4-1, ilichezwa chini ya paa lililofungwa.

Fundi wa Maturubai:
Niongeze moja kuhusu Warsaw. Kwa kuwa mzigo wote wa kitambaa na nyaya hukutana kwenye ile nguzo ya katikati, hitilafu ndogo pale juu hugusa uwanja mzima. Novemba 2022 kipande cha chuma katika muundo huo kiligunduliwa kuwa na ufa, uwanja ukafungwa, na mechi ya kirafiki ya Poland na Chile ikahamishiwa uwanja wa klabu ya Legia katika mji huohuo. Naona walifanya jambo sahihi kabisa, hata kama Kombe la Dunia lilikuwa limebakiza siku chache.