Nimeambiwa ninunue beseni: malalamiko dhidi ya muuza boti wa hapa Mtwara mnayemjua nyote

Mkwe wa Mbamba Bay (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira, suruali yangu ina rangi ya bluu isiyotoka hata kwa mafuta ya taa, na nawaomba kwa heshima zote mtu asiniambie nisubiri kwanza nipoe. Yule bwana anayeuza boti pale ufukweni, ambaye kuanzia Shangani hadi Mikindani hakuna asiyemjua na kwa sababu hiyo sitamtaja, leo amenitazama mbele ya wavuvi, wachuuzi wa samaki na mama muuza vitumbua, akaniambia kwamba kwa safari za ziwani ninunue beseni. Nayarudia maneno yake kama alivyoyatamka: "Ziwani huko, bwana mkubwa, hata beseni linatosha."

Mimi sikuomba meli. Natafuta boti ya faiba iliyotumika, ya mita saba hivi, pamoja na mashine ya kupachika nyuma, ya nguvu za farasi 40, kwa bei ambayo mkulima wa korosho anaweza kuilipa bila kuuza mikorosho yenyewe. Nia yangu ni kuipakia kwenye lori, ipite Masasi, Tunduru na Songea hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, ambako shemeji yangu anataka tubebe abiria na magunia kati ya hapo na Liuli. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 800, na aliyekwisha kuishusha boti kule harudi Mtwara kudai fedha zake kwa kuwa ubao umeoza.

Basi nikaanza kukagua. Rangi ilikuwa mbichi, na ushahidi ninao kwenye suruali. Kichwa cha mashine kilikuwa cha moto, ingawa nilikuwa nimemwomba kwa simu asiiwashe kabla sijafika, kwa maana mashine iliyochoka huwaka kwa upole ikiwa ya moto, na siri zake huzitoa ikiwa baridi. Maji ya kupoozea, ambayo yanapaswa kuruka nje kwa nguvu pembeni mwa mashine, yalikuwa yakidondoka kwa zamu, tone moja likisubiri ruhusa ya jingine. Nikainua mashine, nikaishika kwa chini na kuitikisa, na ule ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, unaoibeba ukatikisika pamoja nayo hadi nyufa za faiba zikawa zinafunguka na kujifunga. Nilipougonga kwa mpini wa bisibisi haukulia hata kidogo. Nilipolegeza boliti moja yalitoka maji ambayo, kama yasingekuwa meusi, ukoo wangu wote ungetawadha ukabakiza.

Nikamwuliza kwa adabu kama anafahamu kwamba ndani ya faiba ile kuna mbao za plaiwudi, na kwamba maji yakishapenya kupitia matundu ya boliti, mbao huoza kimyakimya huku nje kukiwa na rangi nzuri, hadi siku mashine itakapong'oka na kuzama pamoja na nusu ya tezi. Hapo ndipo alipocheka. Hapo ndipo lilipotajwa beseni. Mama wa vitumbua naye akacheka, na mimi nilikuwa sijamaliza kumlipa.

Ziwa Nyasa lina urefu unaozidi kilomita 550 na kina kinachofika takriban mita 700. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini huyapandisha mawimbi mafupi yenye kusimama, yanayofuatana bila kuipa boti nafasi ya kupumua, na upande wa Ludewa milima ya Livingstone imeshuka hadi majini, kwa hiyo nahodha hapati pa kukimbilia. Huko ndiko mtu ananipeleka na beseni! Tena alitaka shilingi milioni 14, fedha ambazo zingewapatia mabeseni wanawali wa wilaya nzima na vifuniko vyake.

Nahodha Mstaafu

Mdogo wangu, pole, ingawa nimecheka hadi wajukuu wamekuja kunitazama. Beseni halina ubao wa kuoza, halina boliti na halipakwi rangi usiku wa kuamkia mauzo, kwa hiyo ukiyapima maneno ya yule bwana kwa kulinganisha na bidhaa yake, huenda hiyo ndiyo kauli pekee ya kweli aliyoitoa mwaka huu. Nina swali moja: je, ulifungua skrubu ya mafuta ya gia kule chini? Yakitoka meupe, basi sili za kuzuia maji zimekwisha na maji yameingia kwenye gia, na hapo huhitaji kufika kwenye ubao.

Mkwe wa Mbamba Bay

Kaka, nilikuwa nimeinama ili nifungue skrubu hiyo hiyo aliponiambia habari za beseni. Niliinuka nikiwa na bisibisi mkononi, watu wakadhani nataka kumchoma. Nawauliza ninyi mliosoma: je, mteja anayetaka kuona mafuta ya gia anastahili kuambiwa neno hilo mbele ya mama wa vitumbua?

Mnyalukolo wa Rasbura

Wewe umetukanwa tu, wenzako tumelipa. Hapa Lindi niliuziwa mashine na mtu ambaye aliapa kwamba haijawahi kuonja bahari, kwamba maisha yake yote ilifanya kazi Mto Rufiji. Ilipoanza kupata moto kupita kiasi, fundi alifungua kichwa na kukuta njia za maji ya kupoozea zimezibwa na chumvi ambayo ingetosha kukaushia ng'onda wa msimu mzima. Kisha akapima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, akakuta silinda ya chini iko mbali kabisa na ya juu, wakati tofauti ikizidi asilimia 10 hivi mnunuzi mwenye akili anaaga na kuondoka. Muuzaji nilipompigia alisema kwamba chumvi hiyo imetokana na jasho langu. Linganisheni wenyewe jasho na beseni.

Mkwe wa Mbamba Bay

Jasho alilitaja kwenye simu, faragha. Beseni lilitajwa hadharani.

Mwalimu wa Zamu

Naomba kuchangia kwa kuwa mwanzisha uzi ametaja Liuli. Enzi za Wajerumani mahali hapo paliitwa Sphinxhaven, na mnamo Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Guendolen iliishambulia na kuilemaza meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ambayo ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Kwa hiyo kuwa na chombo kibovu katika ufukwe ule ni jambo lenye historia ndefu, na mwenzetu asijione amebaguliwa.

Nahodha Mstaafu

Mwalimu, hiyo yako imeniua. Lakini nahofia huyu bwana atakuja kunukuu habari hiyo katika mauzo yake.

Bi Mkubwa wa Kivinje

Wanangu, nimewasoma wote, na naona mnalia kabla ya msiba. Mimi boti yangu ilikuwa nzima, ubao mkavu, mashine inawaka baridi kwa kuvuta kamba mara moja. Nikampa kijana aiendeshe. Mashine kama ile inataka lita moja ya oili kwa kila lita 50 za petroli, na kopo la kupimia nilimnunulia mwenyewe. Yeye akawa anakisia kwa jicho, na kila nilipomuuliza alinijibu kwamba ana uzoefu. Ikakaukiwa na oili katikati ya safari ya Songo Songo, pistoni zikanata, abiria wakapiga makasia hadi wakati wa Magharibi, na alipofika nchi kavu alinidai posho ya kazi ya ziada. Nionyesheni beseni lililowahi kumdai mtu posho.

Mnyalukolo wa Rasbura

Shikamoo mama. Hilo la posho limevunja rekodi, nami naondoa lalamiko langu la jasho.

Mkwe wa Mbamba Bay

Shikamoo mama, na pole sana. Hata hivyo naomba kwa unyenyekevu turudi kwenye suala la msingi, yaani lile beseni.

Fundi Faiba

Ndugu mwanzisha uzi, ubao wa tezi hubadilishwa. Tunakata faiba kwa ndani, tunatoa plaiwudi iliyooza, tunaweka mpya na kuifunika upya kwa matabaka, na kila tundu la boliti tunaliziba vizuri ili maji yasipenye. Ila usitengeneze kabla ya kukanyaga sakafu yote kwa kisigino, maana ikibonyea, foomu ya kuelea iliyo chini yake imelewa maji, na boti hiyo ina uzito ambao mashine ya 40 itausukuma kwa manung'uniko. Halafu angalia tumbo lake: lenye umbo la V ya kutosha hukata yale mawimbi mafupi ya ziwani, na lililo bapa litakung'oa meno. Na kabla hujatoa shilingi, linganisha namba ya mashine na karatasi zake, kwani TASAC, wale wasimamizi wa vyombo vya majini, wakija kukagua ndipo utakapojua boti ni ya marehemu nani.

Bi Mkubwa wa Kivinje

Fundi, unapatikana hadi Kilwa? Tumbo la yangu lina V nzuri na ubao wake haujambo, ila mashine ndiyo marehemu.

Fundi Faiba

Napatikana mama, mradi nauli na chakula viwe juu yako.

Mnyalukolo wa Rasbura

Mama, kama umekata tamaa na mashine, unaiuza boti tupu kwa bei gani?

Bi Mkubwa wa Kivinje

Milioni saba, mwanangu, na sikuipaka rangi.

Mkwe wa Mbamba Bay

Mama, nimekutumia ujumbe wa faragha.