Mkanda wa kahawia wa karate kwa video: mnauhesabu?

Mleta mada: Sensei wetu, yaani mwalimu, kahamia mbali, kwa hiyo mtihani tunajirekodi. Masharti yake: video isikatwe, miguu ionekane mwanzo hadi mwisho, kata (mfululizo wa mapigo unaocheza peke yako) irekodiwe kutoka mbele kisha ubavuni, na kumite, yaani kupigana na mwenzako, dakika mbili. Wenzetu wa dojo (ukumbi wa mazoezi) nyingine wanasema mkanda huo haupo. Nyie mnaonaje?

Mkongwe: Haupo. Ukumbini unaitwa mara moja, magoti yanatetemeka, unataja kata yako na unaanza. Nyumbani unarudia mpaka uchoke, unatuma iliyokaa vizuri. Na nyingine nilizoziona, mtu kavaa gi, lile vazi la mazoezi, upande wa kulia juu ya kushoto, wanavyovishwa maiti Japani. Huyo anapimwa nini?

Kiai: Hapo umenigusa. Gi yangu siku zote kushoto iko juu. Kamera ya mbele ya simu ndiyo inageuza picha kama kioo! Tazama hata maandishi ya ukutani, yanasomeka kinyume. Usimvunjie mtu heshima kabla hujatazama vizuri.

Mkongwe: Basi mtahini atajuaje kama kata ya Heian Shodan umeianza kushoto inavyotakiwa?

Kiai: Rekodi kwa kamera ya nyuma. Imekwisha.

Judoka: Mnagombania gi! Hii mikanda yenyewe si ya kale kiasi hicho. Kano, mwanzilishi wa judo, alitoa dan (ngazi za mkanda mweusi) za kwanza mwaka 1883, Kodokan, shule yake, ikiwa na mwaka mmoja tu. Karate iliiga kwake, mwalimu wa karate Funakoshi akatoa za kwake 1924. Msituletee mila ya karne na karne.

Mkongwe: Nani kasema karne na karne? Usinilishe maneno. Nimesema magoti yanatetemeka.

Binti Poomsae: Mwaka 2020, wakati wa korona, World Taekwondo waliandaa mashindano ya poomsae, ndizo kata za taekwondo, kwa video na waamuzi wakatoa alama. Nao walidanganywa?

Mkongwe: Poomsae hakuna anayekurushia teke, dada.

Binti Poomsae: Wewe jaribu kwanza kusimama mguu mmoja, mwingine umeunyoosha juu ya kichwa, ndipo uidharau.

Mleta mada: Jamani, na kumite je? Hilo hamjaligusa, na mwenzangu wa kupigana naye ni mdogo wangu wa kuzaliwa.

Kiai: Kata naitetea. Kisigino cha nyuma kikinyanyuka kwenye zenkutsu-dachi, ule msimamo wa kukunja goti la mbele, mtahini anarudisha video na kukitazama tena. Ukumbini, mko kumi mstarini, kingempita. Kumite siitetei. Mdogo wako anajua ngumi yako inatokea wapi na wewe unaijua yake. Umbali hauonekani kwa kamera moja: ngumi iliyopungua shibiri nzima inaonekana imefika.

Mkongwe: Hilo ndilo nalosema tangu mwanzo.

Kiai: Hukulisema. Ulisema gi.

Judoka: Mleta mada, mwombe sensei akupe alama za kata sasa, kumite ibaki wazi mpaka mkutane. Mkanda ufungwe siku hiyo.