Mafundi baiskeli wa Mtwara, wekeni plaizi chini! Gia ya mbele hairekebishwi kwa kupinda chuma

Wakuu, habari za jioni. Lugha ikiwa kali mtanivumilia, nimetoka kwa fundi sasa hivi na damu bado inachemka.

Nina baiskeli ya mlima, mtumba wa zamani, fremu ya chuma, gia tatu mbele na saba nyuma. Naishi Mikindani, kazi ipo Mtwara mjini, kwa hiyo chombo hiki si cha mazoezi ya Jumapili. Kile kihamisha cheni cha mbele kilikufa springi. Fundi mmoja mjini (simtaji, anajijua) akanifungia kingine cha mtumba, 15,000 na ufundi juu. Tangu siku hiyo nikipandisha gia kubwa ni krrr krrr mpaka watu wanageuka, na nikikanyaga kwa nguvu cheni inarukia nje na kulala juu ya mkono wa pedeli. Hiyo barabara ina malori, jamani.

Nikarudi kwake. Hakuinama hata kuangalia! Alichukua plaizi, akabana bati la nje la kihamisha, akalivuta ndani. Kisha bisibisi, akazungusha zile skrubu mbili kama anatafuta stesheni ya redio. "Jaribu sasa." Nikazunguka pale pale kibandani pasipo na mlima, kimya. Nimefika njiani, krrr. Narudi mara nyingine ananiambia, "Kaka, hizi gia za mbele ni mapambo tu. Weka moja, sahau." Hela yangu ya mapambo aliipokea lakini!

Basi nikakifungua kihamisha mwenyewe. Pete yake inayoshika bomba la siti imeandikwa 31.8, yaani kipenyo kwa milimita. Bomba la fremu yangu ni 28.6. Pengo lile amelijaza kwa nini? Kipande cha tyubu, wakuu. Mpira wa tyubu, ule wa kufungia mizigo, umezungushiwa bomba halafu pete ikakazwa juu yake. Mpira unabonyea. Kila waya ukivuta, kihamisha chote kinajizungusha kwenye bomba badala ya kusogeza cheni, ukiachia kinarudi nusu. Hata ukichezea skrubu hadi Idi, hakitatulia. Na alikifunga juu mno, kidole changu cha mwisho kilikuwa kinapita kati ya bati na meno ya gia kubwa.

Zile skrubu, L na H, kazi yake ni kuweka mpaka tu: L cheni isidondokee ndani kwenye fremu, H isirukie nje kwenye pedeli. Hazinyooshi kitu kilichokaa upande. Kwanza mkao. Unalegeza waya, unalegeza pete, unashusha mpaka bati la nje lipite juu ya meno marefu ya gia kubwa kwa milimita 1 hadi 3. Unasimama juu yake, unachungulia chini: bati liende sambamba na gia, mkia usitoke nje wala kuingia ndani. Kaza. Ndipo uweke cheni gia ndogo mbele na kubwa nyuma, usogeze L hadi bati la ndani libakize nusu milimita hivi bila kugusa. Waya unaurudisha ukiwa umenyooka, usio na kutu (kwa hewa yetu ya chumvi ule wa zamani tupa tu). Mwisho H, cheni ikiwa gia kubwa mbele na ndogo nyuma, bati la nje libakize nusu milimita vilevile. Ukiweka kubwa kwa kubwa itakwaruza kidogo, huo si ugonjwa, usitumie mkao huo.

Kabla ya yote zungusha pedeli taratibu. Gia zikiyumba, tatizo ni gololi za krenki au gia imepinda. Zangu haziyumbi, nimeangalia.

Sasa hapo plaizi inaingia wapi? Bati alilolipinda ndilo linaloongoza cheni, lina umbo lake. Nimejaribu kulirudisha, limebaki na kovu na cheni inalikwangua pale pale. Kwa hiyo nimeharibiwa kifaa na mtu ambaye tatizo alilitengeneza mwenyewe kwa tyubu yake. Nikamdai hela, anasema mtumba haurudishwi. Mtumba sikatai, mimi nalalamikia ufundi!

Kwa sasa nimetoa mpira na kuweka ukanda wa alumini uliokatwa sawasawa, pete haizunguki tena. Bati ndilo limebaki bovu. Aliyeko Mtwara au Lindi mwenye kihamisha cha gia tatu, pete ya 28.6, waya unaovuta kutokea juu, aje PM na bei. Bati likiwa na alama ya plaizi, usijisumbue.